Tochi, kibao cha 50 na faini ya elfu 30: mwongozo kamili kwa anayeendesha Tabora–Kigoma

Njia ya Tabora, Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza mpaka Kigoma mjini nimeipita tangu enzi zile ukitoka Kaliua unafunga vioo vyote na bado unafika umekuwa mwekundu kwa vumbi. Enzi hizo hakuna aliyekuwa anawaza tochi (ile mashine ya trafiki ya kupima spidi), barabara yenyewe ndo ilikuwa trafiki. Sasa lami imefika, gari inateleza tu, na ndo maana unakuta watu wanaandikiwa faini mbili tatu safari moja alafu wanalalamika wameonewa. Mimi pia nimeandikiwa, na nikikaa nikakumbuka moja moja, karibu zote nimekamatwa sehemu ya aina moja: mita mia mbili tatu za mwanzo wa kijiji au mita mia mbili tatu za mwisho. Katikati ya kijiji kila mtu anapunguza. Shida ni kuingia na kutoka, na hapohapo ndo watoto wanapovuka pia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya nitakayoandika ni kuhusu hizo mita chache, mengine ni ya kukusaidia ukishasimamishwa.

Kwanza jua namba inayokuhusu wewe

Sheria yetu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na mambo ya spidi yako kifungu cha 51. Kwa lugha ya kawaida ni hivi, ndani ya mji, mji mdogo, kijiji au popote penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na hiyo ni kwa kila chombo: IST, semi, basi, pikipiki, bajaji, gari la serikali. Nje ya makazi, mabasi ya abiria na magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 mwisho ni 80. Gari dogo binafsi nje ya makazi unafuata kibao kilichopo na hali ya barabara, na hapa wengi wanasoma vibaya, wanadhani gari binafsi maana yake kanyaga unavyotaka. Hapana, kuendesha kwa namna ya hatari ni kosa lingine kabisa na halihitaji tochi.

Nyie wa michomoko (gari ndogo binafsi zinazobeba abiria wa kulipa) na Noah za abiria nawaambia kwa mapenzi, ukishabeba abiria wa kulipa jihesabie 80, usijifiche kwenye udogo wa gari.

Na kuna vibao vya chini ya 50. Kwenye baadhi ya shule na kwenye matengenezo ya barabara unakuta 30. Kibao kikisema 30 basi pale ni 30, usimwambie afande "mimi najua kijijini ni 50", utakuwa umejishtaki mwenyewe.

Pili, kagua dashibodi yako kabla hujalaumu tochi ya mtu

Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na ukiangalia dashibodi nyingi za hizo gari zimeandikwa 20, 40, 60, 80 kwenda mpaka 180. Hamsini haina namba! Ni kimstari tu katikati ya 40 na 60. Sasa dereva anaona mshale "uko kwenye 60 hivi, si mbali na 50", kumbe ameshazidisha 10 nzima. Nilichofanya mimi ni kitu cha kijinga kwa macho ila kimenisaidia kuliko chochote, nilichukua kipande cha selotepu nyekundu nikakata kidogo nikabandika juu ya kioo cha dashibodi pale kwenye 50 na kingine pale kwenye 80. Jicho linaona nyekundu kabla akili haijasoma namba.

Alafu kuna hili la matairi. Spidi ya dashibodi inahesabiwa kwa mizunguko ya tairi, kwa hiyo ukifunga tairi kubwa kuliko la kiwandani (na huku kwetu wengi wanafunga ili gari liinuke, sababu ukiacha lami kwenda vijijini ndani huko hali ni nyingine) gari linaenda mbio kuliko mshale unavyokwambia. Tairi likizidi kimo kwa asilimia 5, mshale ukiwa kwenye 50 we unatembea 52 na nusu, na mshale ukiwa 80 uko 84. Kwa gari lenye tairi zake halali mara nyingi inakuwa kinyume, mshale unasoma juu kidogo kuliko spidi ya kweli, watengenezaji wanafanya hivyo makusudi ili usidanganyike kwa upande wa hatari.

Kupima ni bure. Washa GPS ya simu, Google Maps kwa simu nyingi inaonesha spidi ukiwa safarini, mpe abiria wako wa mbele ashike simu, sio wewe. Tafuta sehemu imenyooka, tulia kwenye 50 ya mshale kama nusu dakika, aseme simu inasoma ngapi. Rudia kwenye 80. Fanya mara moja tu kwa kila seti ya matairi, inatosha.

Tatu, jifunze kukisoma kijiji kabla hujakifikia

Hapa nitakaa sana na naomba mnivumilie.

50 inaanzia kwenye kibao. Haianzii kwenye nyumba ya kwanza wala kwenye tuta la kwanza. Maana yake ukipita kibao mshale unatakiwa uwe umeshashuka, sio ndo unaanza kushuka. Dereva wengi wanaona kibao ndo wanatoa mguu kwenye mafuta, na gari inayotembea 80 ukitoa mguu tu bila breki inahitaji kama mita 200 mpaka 300 hivi kushuka hadi 50, na mwenye tochi ukiwa kwenye hizo mita anakuona vizuri sana. Kwa hiyo unaanza kushuka ukikiona kibao kwa mbali. Kama macho yako hayakioni kwa mbali nenda kapime macho, nasema kwa nia njema kabisa.

Ila kibao sio dalili ya kwanza. Kijiji kinajitangaza mapema ukijua kukisikiliza. Kwa njia yetu hii dalili zangu ni hizi: njia za miguu zinaanza kutokea porini pembeni ya lami, miti inapungua ghafla na visiki vinaongezeka, unaona viroba vya mkaa vimepangwa, baiskeli mbili tatu zimebeba madumu au magunia, mbuzi, mashamba ya mihogo au mahindi, na kwa upande wa Urambo na Kaliua unaanza kuona mabani ya kukaushia tumbaku. Ukiona viwili katika hivyo kijiji kiko karibu, mguu utoke kwenye mafuta hata kama kibao hujakiona. Maana vibao vingine vimegongwa, vingine vimeng'olewa na watu wa vyuma chakavu, vingine masika nyasi zimevimeza. Na makazi ni makazi, kibao kiwepo kisiwepo.

Kutoka sasa. Kuna kibao cha pili, kile cha 50 kilichopigwa mistari, ndo kinakwambia makazi yameisha. Mpaka ukipite hicho. Hapa ndo nilipoliwa mara nyingi zaidi, nyumba zimeisha, barabara imenyooka, kuna kamteremko, basi mguu unajishusha wenyewe, kumbe kibao cha kumaliza kiko mbele mita 300. Ukijiona umechoka kusubiri kibao cha kumaliza jua bado hujatoka kijijini.

Sasa kwanini nasisitiza hivi. Miaka michache nyuma naingia kijiji kimoja kati ya Urambo na Kaliua, saa 11 jioni, jua linanipiga usoni (nitalirudia hili la jua), niko kama 70 na ushee, kibao nimekipita najua kabisa nimekipita. Akatokea mtoto wa miaka kama sita anasukuma tairi bovu la baiskeli kwa kijiti. Tairi likakata kona likaingia barabarani, na yeye akalifuata, hakutazama chochote, kwanini atazame, anacheza. Nilikanyaga breki mpaka nikasimama juu ya kiti. Gari lilisimama mtoto ameshaganda mbele ya bampa, yaani ningenyoosha mkono kupitia kwenye boneti ningemgusa kichwa. Mama yake alikuwa anauza maembe pembeni, hakunitukana wala hakupiga kelele, alikaa chini tu. Nikashuka, miguu haina nguvu, tukakaa wote wawili pale chini. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona 50 ya kijijini kama usumbufu wa trafiki.

Baadae nikakaa na hesabu. Binadamu wa kawaida tangu aone kitu mpaka mguu uguse breki inapita kama sekunde moja na nusu. Ukiwa 50 ndani ya muda huo umeshatembea mita 21, alafu breki kwenye lami kavu na tairi nzima inakula kama mita 14, jumla mita 35. Ukiwa 80 ni mita 33 kabla mguu haujafanya chochote, jumla inafika karibu mita 70. Sasa chukua gari mbili, moja 50 nyingine 70, zote zimemuona mtoto sekunde ileile zikiwa sambamba. Ile ya 50 inasimama mita 35 mbele. Ile ya 70 ikifika kwenye hiyo alama ya mita 35 bado inakimbia zaidi ya 60. Na ya 80 ndo kwanza mguu umegusa breki. Mimi niliponea kwa sababu mtoto alikuwa mbali kidogo, basi. Na hizo ni hesabu za lami kavu, masika ongeza sana, na tairi kipara usiulize.

Hesabu ya muda, kwa wale wanaosema wana haraka

Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 ukikipita kwa 50 ni dakika 2 na sekunde 24. Ukikipita kwa 80 ni dakika 1 na nusu. Umeokoa sekunde 54. Weka vijiji 15 vya urefu huo njia nzima, umeokoa dakika 13 na nusu kwa safari ya karibu kilomita 400. Kusimamishwa mara moja tu, kuegesha, leseni, mazungumzo, kuandikiwa, ni robo saa imeondoka na elfu 30 juu. Kama kweli una haraka amka mapema, toka Tabora saa 11 alfajiri badala ya saa 12, na usikae saa nzima kwenye supu.

Nne, nje ya makazi

Hapa sitakaa sana maana wengi mnajua, ila kuna mambo ya njia yetu.

Jua. Kutoka Tabora kwenda Kigoma unaelekea magharibi, kwa hiyo kuanzia saa 10 jioni unaendesha jua likiwa machoni, na jua la Kigoma linachelewa kuzama kuliko la Dar, linakukaa usoni muda mrefu. Ukitoka Kigoma asubuhi linakupiga hivyohivyo upande wa pili. Kioo cha mbele kikiwa na vumbi kwa ndani huoni kitu, futa kwa ndani pia. Mimi jua likiwa usoni natembea chini ya spidi ninayoruhusiwa, siangalii nani yuko nyuma anapiga honi.

Ng'ombe. Kundi likiwa limevuka nusu usipite katikati ukidhani limeisha, wa nyuma wanawafuata wenzao. Simama kabisa, na ukiona kijana mchungaji yuko upande mmoja wa barabara ujue ng'ombe wanaweza kuwa upande wa pili.

Malori ya tumbaku na ya chumvi ya Uvinza. Msimu wa masoko ya tumbaku malori yanajaa na yanatembea taratibu, dereva wa gari dogo anachoka anaovateki kwenye mlima. Kwenye kilima mbele huoni, mstari wa katikati ukiwa haujakatika usiuvuke. Kosa hili nalo lina faini yake lakini faini ndo tatizo dogo.

Wenye mabasi, nyinyi mna jicho lingine juu yenu mbali na trafiki. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wana ule mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, kile kifaa kilichofungwa kwenye basi kinatuma spidi na mahali ulipo muda wote, na dereva anatambulika kwa kitufe chake. Trafiki anaweza asiwepo kilomita 100 nzima na bado umeonekana. Na abiria msikae kimya jamani, dereva akikimbiza mwambie konda kwa heshima, asiposikia chukua namba ya basi upige LATRA au polisi, namba ya dharura ya polisi ni 112. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023 watu wengi wanasafiri wamelala, aliye macho awasemee waliolala.

Tano, tochi inafanyaje kazi

Uvumi ni mwingi kwenye hili. Wanasema eti ukiwa gari jeusi haikusomi, eti ukiweka CD kwenye kioo inarudisha mwanga. Hakuna kitu kama hicho. Tochi za leza zinarusha mapigo ya mwanga yanagonga gari yako yanarudi, mashine inapima umbali unavyopungua kwa kila kipande cha sekunde, hapo inapata spidi. Inakusoma ukiwa mita mia kadhaa, wakati wewe unamuona mtu mdogo mwenye sare nyeupe chini ya mwembe. Ukishamuona ameshakusoma, kukanyaga breki hapo ni kuhatarisha wa nyuma yako bure. Na lile wazo la kwamba amekaa pembeni kwa hiyo pembe imekuongezea spidi, ni kinyume, pembe inafanya usomaji ushuke kidogo, yaani inakupendelea wewe.

Mara nyingi aliyepiga tochi sio anayekusimamisha. Mmoja anakaa nyuma, anapiga, picha inatumwa kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele kilomita moja au mbili. Kwa hiyo ukisimamishwa usianze na "afande hapa nilikuwa 40", hakuna aliyesema ni hapa.

Kuhusu kuwashiana taa, nitasema ninachoamini. Zamani nilikuwa nawasha taa kwa kila gari kuonya kuna tochi mbele, nilijiona mwema. Baada ya yule mtoto nimeacha. Nawasha taa kukiwa na ajali, ng'ombe, mti umeanguka, mafuriko. Ukimuonya mtu wa tochi anapunguza kwa tochi ile tu, kijiji kinachofuata anaingia na 90.

Sita, umesimamishwa

Washa indiketa, egesha nje kabisa ya lami, zima gari, shusha kioo, washa hazadi. Kaa ndani mpaka afande afike, mikono ionekane. Salimia kwanza. Salamu huku kwetu ni kitu, trafiki amesimama juani tangu asubuhi, "habari za kazi afande" haikupunguzii kitu.

Atakuomba leseni. Hakikisha ni hai, ya daraja la gari unaloendesha, na bima iwe hai maana akiingia kwenye mfumo anaona. Kifaa cha kuzimia moto na pembetatu za tahadhari viwepo, usije ukasimamishwa kwa spidi ukaondoka na makosa matatu.

Akikwambia ulizidisha spidi, muombe kwa adabu akuoneshe picha. Ukioneshwa, angalia vitu vinne kwa utulivu: namba ya gari ni yako? spidi ni ngapi? saa na tarehe ni ya leo na muda huu? na mahali palipoonekana kwenye picha ni ndani ya makazi au kabla ya kibao? Usiangalie spidi peke yake, nimeshaona gari la rafiki yangu linalofanana rangi na lingine likasomewa picha ya lile lingine, alipoomba kuona namba jambo likaisha hapohapo bila ugomvi.

Kama kosa ni lako, kubali. Kweli, kubali tu. "Ni kweli afande, nimepitiwa." Wengine husamehewa wakaonywa, wengine huandikiwa, ila ukibishana na picha unapoteza muda wako na wa watu nyuma.

Na usitoe hela mkononi. Najua wengi mnaona elfu 5 au 10 ni nafuu kuliko 30. Kutoa na kupokea yote ni kosa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ukitoa leo umeshafundisha kwamba barabara hii spidi ina bei. Ukiombwa, sema unaomba uandikiwe, kwa sauti ya kawaida bila kelele wala kurekodi kwa kujificha. Ukilazimishwa, TAKUKURU wanapatikana kwa 113, ni bure.

Saba, kulipa

Faini ya kosa moja kwa gari ni shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa, ni 10,000. Makosa mawili ni faini mbili, usishangae.

Afande anaingiza kwenye kimashine, unapata karatasi au meseji yenye kontroo namba. Hiyo namba ndo kila kitu. Kabla hujaondoka soma kilichoandikwa: namba ya gari, jina, kosa, kiasi. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa mzigo unaenda kwa mtu mwingine na wewe utarudi kuhangaika.

Kulipa ni kwa simu, chagua malipo ya serikali, weka kontroo namba, kiasi, namba ya siri, basi. Au benki au wakala. Simu ikikuletea jina la mlipwaji hakikisha ni malipo ya serikali, sio jina la mtu binafsi. Ukipewa namba ya simu ya mtu ulipie huko, hapo sio faini, hapo umepewa kitu kingine. Usiache ipite siku 7, baada ya hapo inaanza kuongezeka. Lipa siku hiyohiyo ukiwa bado na hasira, meseji ya malipo piga picha ihifadhi.

Alafu baada ya siku mbili tatu ingia mtandaoni kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya trafiki, tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari au ya leseni uone kama imesoma imelipwa. Mimi naangalia kila mwisho wa mwezi hata kama sijasimamishwa.

Nane, kama kweli hukubaliani

Ile karatasi ya faini maana yake wewe umekubali kosa ukaamua kulipa badala ya kwenda mahakamani. Hukubali? Una haki ya kusema hukubali na shauri liende mahakamani. Sema kwa utulivu pale pale, kabla hujalipa, maana ukishalipa umekubali. Piga picha ya sehemu ulipo, kibao kilipo au kilipokosekana, gari lako, saa. Abiria wako ni mashahidi, chukua namba zao. Ila jiulize kwa ukweli kabla ya kuanza hiyo safari, maana mahakamani ni siku kadhaa za kazi. Kama ulikuwa 64 kijijini lipa uende nyumbani.

Tisa, unaponunua, kukodi au kuazimisha gari

Madeni yanaonekana kwa namba ya gari. Ndugu yangu alinunua gari kwa mtu Tabora mjini, bei nzuri, karatasi safi, akasimamishwa mara ya kwanza akaambiwa gari lina deni la faini zaidi ya laki moja na nusu, zote za kabla hajalinunua, na muuzaji simu haipokei. Kabla hujatoa hela ya mtu andika namba ya gari kwenye mfumo mbele yake, muone wote wawili. Deni likiwepo lilipwe kabla ya kusaini.

Ukimwazima mtu gari au umeajiri dereva, mkubaliane mapema faini ya spidi ni ya nani. Kwangu dereva analipa ya spidi, mimi nalipa ya ubovu wa gari. Na usimpe dereva hesabu isiyofikika, ukimwambia awe Kigoma saa 6 mchana wakati umemkabidhi gari saa 2 asubuhi, hiyo spidi umemtuma wewe.

Kumi, kibao kikikosekana

Hii watu hawafanyi kabisa na ni rahisi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaani na za wilaya ni TARURA. Ukiona kibao cha 50 kimeanguka au kimemezwa na nyasi, simama sehemu salama, piga picha, andika jina la kijiji na kama kuna nguzo ya kilomita karibu andika namba yake. Ukifika mjini pita ofisi ya TANROADS ya mkoa, Tabora wapo na Kigoma wapo, waachie. Au mwambie mwenyekiti wa kijiji, yeye ana njia yake ya kulifikisha halmashauri na watoto wanaovuka pale ni wake. Kijiji kile cha yule mtoto kibao chake cha kuingilia kilikuwa kimepinda kimetazama porini, mimi nilikiona kwa sababu nimekizoea, mgeni asingekiona. Nilienda na picha mbili, nikajaza maelezo, nikaacha namba ya simu. Nilipopita tena baada ya wiki kadhaa kilikuwa kimenyooshwa, na mbele yake wameweka rasta, ukizipita gari lote linatetemeka hata kama umesinzia.